Namna ya Kufika Kwetu

Chumba tulichofundishia kilikuwa nyuma ya kanisa dogo la Wakongomani mtaani Nateete, Kampala, mahali ambapo kelele za soko hufika zikiwa zimechoka. Mchungaji alitupa chumba hicho kuanzia saa kumi jioni, watoto wakishatoka kwenye shule zao za kawaida. Mama zao waliwaleta kwangu kwa sababu moja: hawakutaka Kiswahili kiwapotee. Shuleni walisoma kwa Kiingereza, njiani walicheza kwa Kiganda, na nyumbani walijibu kwa maneno mawili mawili ya kila lugha. Wengi walikuwa Wakongomani kama mimi. Watatu walikuwa Wakenya ambao baba zao walifanya kazi mjini. Na kulikuwa na binti mmoja Mganda, jirani wa kanisa, aliyekuja kwa kuwa rafiki zake wote walikuwa humo ndani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la nne kwetu Kivu kabla ya kukimbia. Mwanzoni niliwapa insha, kama nilivyopewa mimi utotoni. Waliniandikia kurasa nzima za jua kuchomoza na ndege kuimba, maneno waliyonakiliana. Baada ya wiki chache niliziacha insha. Nikawaambia: andika kitu unachokijua, hatua kwa hatua, ili mtu ambaye hamjuani, na ambaye hutakuwepo kumsahihisha, akifanye bila kukosea. Wazazi niliwaambia kwamba zoezi hilo linanoa akili. Sababu yangu nyingine sikumwambia mtu.

Somo la kwanza lilikuwa chai. Nilikuja na sigiri, mkaa ukiwa umeshika vizuri, na sufuria, majani, sukari na kikombe cha maji. Mtoto mmoja wa Kikenya, mwepesi wa kila kitu, akawa wa kwanza kumaliza. Nikasoma kwa sauti: "Washa jiko. Weka maji. Weka majani. Kunywa."

Nikainua kikombe cha maji nikayamwaga juu ya mkaa.

Majivu yaliruka mpaka kwenye benchi la mbele. Watoto walipiga kelele kwa kicheko, wengine wakasimama.

"Ticha, si hapo!"

"Umeandika weka maji. Hukuandika wapi."

"Lakini kila mtu anajua!"

"Kila mtu nani?"

Binti wa Kiganda alishika kichwa. "Ticha umehalibu makaa bule!" akasema, na wote wakacheka upya.

Mmoja tu hakucheka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwembamba, aliyekaa karibu na dirisha na kuvaa sweta ya shule hata siku za joto. Aliutazama mkaa ulivyokuwa ukitoa mvuke. Kisha akafungua ukurasa mpya kwenye daftari lake, akaanza kuandika tena tangu mwanzo.

Maneno yale, kila mtu anajua, niliondoka nayo jioni hiyo. Niliwahi kuyategemea.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufa na tuliishi wawili, mimi nikiwa na ishirini na miwili. Siku vita ilipoingia mjini kwetu nilikuwa kazini, shule ikiwa upande mwingine wa mji. Mlio wa bunduki ulitoka mlimani, ukashuka. Nilipiga simu ya jirani, naye akampa mdogo wangu. Nikamwambia: "Chukua ule mfuko wa nguo. Nenda kanisani, unisubiri mlangoni. Usitoke hapo mpaka nije."

Akasema, "Ndiyo, yaya," kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

Simu ikakatika.

Kwangu, kanisa lilikuwa parokia ya juu mlimani tulikobatizwa sote wawili. Nilikimbia mpaka huko, nikasimama kwenye mlango mkubwa, watu wakinigonga wakipita. Nilisimama mpaka watu niliofahamiana nao wakanishika mikono na kunivuta. Wakaniambia atakuwa ametangulia, watoto wote wametangulia. Nikaamini kwa sababu nilihitaji kuamini.

Nilikuwa nimeshakaa Kampala mwaka wa pili nilipokutana na mama mmoja wa mtaa wetu, pale soko la Nateete, akichagua nyanya. Tulikumbatiana. Kisha akaniambia kitu ambacho nadhani alidhani ninakijua.

"Yule mdogo wako tulimpita pale kanisa la darajani. Amekaa kwenye ngazi, mfuko uko mapajani. Nikamwambia, twende mwanangu. Akakataa. Akasema, yaya ameniambia nisitoke hapa mpaka aje."

Kanisa la darajani lilikuwa kikanisa cha mbao ambako, tangu Pasaka ile, mdogo wangu alikuwa akienda kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto. Kwake, kanisa lilikuwa pale. Baada ya mama yule, sijampata mtu mwingine aliyemwona.

Tangu siku hiyo sauti yake hunijia bila kupiga hodi. Huja ninaposuuza vyombo, maji yakigonga sufuria. Huja katikati ya soko. Darasani mtoto akisema "Ndiyo, ticha," shingo yangu huwa baridi. Ndiyo maana niliwakataza. Nikitoa agizo, hakuna kusema ndiyo. Unarudia kwa maneno yako mwenyewe nilichokuambia, mpaka sote wawili tuone kitu kilekile. Watoto walidhani ni mchezo wangu wa ajabu, wakauzoea.

Wiki ya tatu niliwapa kichwa cha habari: Namna ya kufika kwetu. Wote walianzia mlango wa darasa, kama nilivyotazamia. Pinda kushoto, pita kwa fundi wa viatu, ruka mtaro. Msichana wa dirishani peke yake alianzia kwingine. Nililisoma daftari lake nyumbani, nikiwa nimekaa kitandani.

Aliandika: Shuka kwenye basi. Wanaokuvuta mkono usiwajibu. Toka kwa geti kubwa, siyo dogo. Pita Kikuubo mpaka utokee upande wa pili, na mfuko ushike mbele. Uliza teksi za Nateete, ukae karibu na dereva. Shuka sokoni. Fuata harufu ya samaki wakavu. Kwenye duka la kijani, pinda. Geti letu ni jeusi. Gonga. Nitafungua mimi.

Kesho yake nilimbakiza baada ya wenzake kutoka.

"Hii umemwandikia nani?"

"Mama."

"Mama yuko wapi?"

Alinieleza bila kulia, akipanga kila jambo mahali pake. Walikuwa wameshakaribia mpaka, yeye na mama yake na mama mdogo wake. Bibi alikuwa amekataa kuondoka nyumbani. Usiku mmoja mama yake alisema hawezi kumwacha mzazi wake, atarudi kumchukua, wao watangulie Kampala. Hiyo ilikuwa karibu miaka miwili iliyopita. Sasa aliishi na mama mdogo, aliyesuka nywele kwenye chumba kimoja cha biashara karibu na steji ya teksi.

"Mama hajui Kampala," akasema. "Nimeona ulivyomwaga maji. Nikajua hata mimi ningempoteza."

Nikamwambia nitayajaribu maelekezo yake mwenyewe, neno kwa neno, kama mtu asiyejua mji.

Jumamosi asubuhi nilienda hadi kituo cha mabasi, nikajiweka kama niliyeshuka sasa hivi. Geti kubwa nililipata. Kikuubo, kile kichochoro cha maduka ya jumla, nilipita nikisukumwa na mizigo ya watu, mfuko wangu kifuani, na kweli nikatokea upande wa pili. Mpaka sokoni kila kitu kilikwenda sawa. Harufu ya samaki ilinipeleka mbali kuliko nilivyodhani, na maduka ya kijani yalikuwa mawili. Karatasi haikusema lipi, wala nipinde upande gani. Nikachagua la kwanza, nikapinda kulia.

Njia ile ilishuka kuelekea kwenye mfereji, nyumba zikizidi kubanana. Geti jeusi halikuwepo. Nilipofika mwisho niliona kibaraza cha nyumba moja, na kwenye ngazi zake ameketi msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, mfuko wa nailoni mapajani, akitazama njia.

Nilijua kwamba si yeye. Mdogo wangu angekuwa mtu mzima sasa, na huyu alikuwa akichambua maharage tu ndani ya mfuko ule. Lakini mdomo wangu haukunisubiri. Nilimwita kwa jina la mdogo wangu, kwa sauti kubwa, mara mbili.

Msichana akainuka. "Nnyabo?" akasema, akiniita mama kwa Kiganda, kwa adabu.

Mwanamke akatoka ndani akifuta mikono. Alinitazama kuanzia miguuni. "Unatafuta nani hapa?" akauliza kwa Kiswahili, baada ya kusikia lafudhi yangu.

"Nimepotea," nikamjibu.

"Unaenda wapi? Tukuelekeze."

Sikuweza kumwambia. Nilisimama na karatasi mkononi mpaka yule mama akaniletea kigoda na kikombe cha maji. Niliwashukuru, nikarudi nilikotoka.

Jumatatu nililiambia darasa kwamba nilipotea, bila kusema yaliyofuata. Tukaanza kubishana ni kitu gani Kampala hakihami. Mama wa ndizi huondoka saa sita. Rangi ya duka hubadilika kampuni ya simu ikija na rangi yake. Shimo la barabarani hufukiwa, japo mmoja alisema la kwao lina umri kumshinda. Msikiti hauhami. Nguzo ya umeme haihami, lakini ziko nyingi, kwa hiyo zihesabiwe. Msichana wa dirishani aliandika kila kitu. Jioni hiyo alikwenda mwenyewe kuhesabu nguzo, akaandika msikiti mahali pa duka la kijani.

Siku chache baadaye mama mdogo wake alikuja. Alikuwa mwanamke wa makamo yangu, vidole vyake vikiwa na mafuta ya nywele. Alikataa kuketi.

"Mwalimu, nimekuja kwa heshima," akasema. "Mwache huyu mtoto. Dada yangu amekufa, na mama yangu amekufa. Sina wa kunithibitishia, lakini nimeshawalia wote wawili, peke yangu, ili niweze kuamka asubuhi nifanye kazi. Sasa wewe unamfundisha mtoto kuandikia wafu barua."

"Si barua, dada. Ni maelekezo tu."

"Ni mabaya kuliko barua. Barua haimfanyi mtu angoje mlango ugongwe. Unajua kwamba siku hizi hatoki? Jumamosi wenzake wanakuja kumwita, anakataa. Jumapili kanisani anakataa. Namuuliza kwa nini. Anasema, nimeandika nitafungua mimi."

Nadhani niliegemea ukuta. Alinishika kiwiko akaniuliza kama ninaumwa.

Miaka yote ile nilikuwa nimejilaumu kwa jina la kanisa ambalo sikulitaja. Nilikuwa nikijisomea mstari ule usiku na mchana: laiti ningesema la mlimani. Nikisimama mbele ya yule mwanamke ndipo nilipoona kosa lililokuwa kubwa zaidi. Nilimwambia mtoto asitoke mpaka nije. Sikumwambia afanye nini nisipokuja.

"Nipe siku mbili," nikamwomba mama mdogo.

Kesho yake niliandika ubaoni neno moja: Usipo. Nikawaambia watoto kwamba maelekezo yasiyo na neno hilo hayajaisha. Maji yasipochemka. Duka lisipokuwepo. Mtu asipofungua. Kila mmoja alirudi kwenye karatasi yake. Yule wa dirishani alikaa na kalamu mkononi bila kuandika. Nikaenda nikachuchumaa karibu yake.

"Huu mstari wa mwisho," nikamwambia, "unakufunga wewe kuliko unavyomsaidia mama."

"Akigonga nisipokuwepo ataondoka."

"Ataondoka kama hukumwambia pa kwenda. Mwambie."

"Na kama nikiandika hivyo, halafu aje siku ambayo nimekwenda kucheza?"

"Atakusubiri mahali ulipomwambia, na wewe utajua ni wapi."

Alifuta "Nitafungua mimi" mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Akaandika: Gonga. Atakayefungua mwambie jina lako. Asipofungua mtu, usikae hapo nje. Rudi mpaka msikitini, hesabu nguzo nne kwenda chini, utaona kanisa la bati la bluu, ndilo pekee la bluu. Zunguka nyuma. Muulize mwalimu wa Kiswahili.

Aliuliza kama inaruhusiwa kuniandika. Nikamwambia inaruhusiwa.

Alinakili karatasi ile mara sita kwa mkono. Mama mmoja wa kanisani aliyekuwa akienda mpakani kununua vitenge alizichukua nakala, akaahidi kuziacha kwenye makanisa na kwa watu wanaotoka makambini. Mama mdogo alijua. Nakala moja ya saba, iliyobaki kwa kuharibika na wino, niliiona baadaye imekunjwa na kuchomekwa kwenye kioo cha chumba chake cha kusukia. Na Jumamosi iliyofuata mtoto alitoka akacheza kamba na wenzake, mara kwa mara akigeuka kutazama njia.

Miezi ilipita. Mvua zikaja, zikaondoka. Tulifika kwenye maelekezo ya kufua sweta, ya kumnyamazisha mtoto mchanga, ya kumpanga mgonjwa kwenye foleni za hospitali ya Mulago. Sauti ya mdogo wangu haikuacha kuja. Kitu kilichobadilika ni kwamba sasa alipokuja nilimjibu. Nilimwambia, ondoka pale na yule mama wa mtaa wetu, mimi nitakukuta. Nilimwambia nikiwa peke yangu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesahihisha kazi iliyochelewa.

Alasiri moja, katikati ya somo, chumba kilinyamaza ghafla. Niligeuka kutoka ubaoni. Mlangoni alisimama bibi kizee mwenye kitenge kilichopauka, fimbo mkono mmoja, karatasi mkono mwingine. Karatasi ilikuwa laini kama kitambaa kwa kukunjwa.

"Mwalimu wa Kiswahili ni nani?" akauliza.

Kabla sijajibu, benchi la dirishani lilianguka.

Msichana alimkumbatia bibi yake kiunoni bila kupiga kelele. Akamshika hivyo. Kisha akainua uso, akatazama nyuma ya bibi, kwenye nafasi tupu ya mlango, akatazama mpaka mwisho wa ua. Bibi aliona anakotazama. Akatikisa kichwa.

"Nimekuja peke yangu, mjukuu wangu."

Niliwatoa watoto wengine nje. Mmoja alimkimbilia mama mdogo, naye akaja na kitana bado mkononi. Alipomwona mama yake aliketi pale pale chini kwenye vumbi, miguu ikiwa imenyooka mbele kama ya mtoto.

Bibi alitueleza polepole. Binti yake mkubwa alimfikia kweli nyumbani. Alimbeba mgongoni sehemu kubwa ya njia. Kambini walipofika, homa ikampata binti, na siku ya tano akafa. Karatasi ilimfikia bibi baada ya hapo, kupitia kwa mtu wa kanisani. Yeye hajui kusoma. Alisafiri nayo, na kila alipofika alimsimamisha mtu akamwomba amsomee mstari mmoja tu, unaofuata.

"Kwa nini mmoja mmoja?" nikamuuliza.

"Wakisoma yote wananionea huruma," akasema. "Wanataka kuniongoza wao. Mimi nilitaka mjukuu wangu aniongoze."

Alikuta geti jeusi limefungwa, binti yake mdogo akiwa kazini anasuka na mjukuu wake akiwa darasani. Mpita njia akamsomea mstari wa mwisho.

Matanga yalifanyika siku ya pili, pale uani kwao. Wanawake wa kanisani walileta mikeka na sufuria kubwa. Yule binti wa Kiganda wa darasani alikuja na mama yake, ambaye alisema "poleni sana, poleni" kwa kila aliyekuwepo, akiwemo mimi. Mama mdogo aliniweka karibu naye. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, ni nani niliyempoteza mimi, kwa sababu siku ile aliyonishika kiwiko aliona. Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema yote, kanisa la mlimani na la darajani, kwa mdomo wangu. Hakunituliza. Aliniuliza mdogo wangu alikuwa anapenda kula nini, nami nikamwambia mihogo ya kuchemsha na chumvi.

Kisha nilimwona mwanafunzi wangu akivuka ua akiwa na daftari. Aliketi mbele ya bibi yake, akafungua ukurasa safi.

"Bibi, mama mmemzika wapi?"

Mwanamke mmoja alimwambia aache, si wakati wake. Bibi akainua mkono kumnyamazisha yule mwanamke.

"Nyuma ya kambi," akasema.

"Nyuma upande gani? Ukitoka kwenye nini?"

"Ukitoka kwenye bomba la maji."

"Mabomba ni mangapi?"

Bibi akafikiri. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu anayetembea. "Mawili. Hili ni lile lenye sakafu ya saruji. Unaliacha mgongoni. Unapandisha."

"Hatua ngapi?"

"Zangu mimi, au zako?"

"Zangu. Nitakuwa nimekua."

Bibi alihesabu kwa vidole, midomo ikienda. Mtoto alisubiri bila kumharakisha, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Mama mdogo aliacha kulia ili asikie. Yule mwanamke aliyekuwa amekataza naye alisogeza mkeka wake karibu.

"Hamsini hivi," bibi akasema. "Halafu kuna mawe matatu tuliyoyapanga wenyewe."

"Yasipokuwepo?"

"Kuna mti mdogo wa mkaratusi."

"Usipokuwepo?"

"Basi uliza mlinzi wa makaburi. Mwambie jina la mama. Ameliandika kwenye kitabu chake."

Mtoto aliandika, akamsomea bibi yote tangu mwanzo, na bibi akayarudia kwa maneno yake mwenyewe, mstari kwa mstari. Nilinyanyuka nikaenda kwenye karai la vyombo. Mama wa binti wa Kiganda alikuwa akisuuza sahani peke yake. Nilikunja mikono ya gauni nikaanza kumpokea, yeye akinipa zilizo safi, mimi nikizipanga kifudifudi juani zikauke.